Siri ya Yosefu na Siri ya Herode



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili napenda tutafakari pamoja jambo ambalo wazazi huliuliza kwa hofu na vijana huliuliza kwa udadisi: sehemu zile za intaneti zilizofichika, ambako mtu hupita pasipo kujulikana jina lake wala mahali alipo. Wapo wasemao kwamba kila kinachofichwa ni cha Ibilisi. Wapo pia wasemao kwamba maadamu hakuna anayejua, hakuna aliyedhurika. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Sehemu kubwa ya intaneti haionekani kwa mtu anayetafuta kwa Google: akaunti za benki, barua pepe, kumbukumbu za wagonjwa hospitalini. Hapo hakuna uovu. Ni mlango uliofungwa tu, kama ulivyo mlango wa chumba chako cha kulala. Ndani ya eneo hilo imo sehemu ndogo iitwayo mtandao wa giza, isiyofikika bila programu maalumu. Inayojulikana zaidi ni Tor. Mbinu yake ilibuniwa katikati ya miaka ya 1990 na watafiti wa maabara ya Jeshi la Majini la Marekani, ili mawasiliano ya serikali yao yasifuatiliwe. Ni kama barua iliyotiwa katika bahasha tatu, moja ndani ya nyingine, ikapita katika mikono mitatu. Kila mmoja hufungua bahasha moja tu. Wa kwanza anajua barua ilikotoka, lakini hajui inakokwenda mwisho; wa mwisho anajua inakokwenda, lakini hajui ilikotoka.

Tusiichanganye na ile hali ya faragha iliyomo katika simu zetu. Hiyo hufuta kumbukumbu ndani ya simu tu. Kampuni ya simu na tovuti uliyoitembelea bado zaweza kukuona umepita.

Je, kujificha ni dhambi? Kanisa haliwezi kujibu ndiyo kwa haraka, kwa sababu lenyewe linatunza siri. Kanuni ya 964 ya Sheria za Kanisa inataka pawepo viti vya maungamo vyenye wavu kati ya padre na anayetubu, ili mwamini apendaye kutojulikana autumie kwa uhuru. Kanuni ya 983 inasema siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote. Nikodemo alimwendea Bwana usiku, wala Bwana hakumfukuza.

Tusome sasa sura ya pili ya Injili ya Mathayo. Humo mna siri mbili. Herode aliwaita Mamajusi faraghani, akawauliza juu ya nyota, huku moyoni akikusudia kumwua Mtoto. Yosefu naye aliamka usiku, akamchukua Mtoto na Mama yake, akakimbilia Misri pasipo kutangaza safari. Wote wawili walificha. Mmoja alificha nia yake ili amfikie mtoto. Mwingine alimficha mtoto ili amwokoe. Hapo ndipo ulipo mzani wetu. Swali la kwanza lisiwe kama jambo limefichwa, bali ni nani anayelindwa na maficho hayo, na ni nani anayeachwa bila ulinzi.

Siri ya Yosefu ipo hata katika mtandao wa giza. Mtu anayefichua ufisadi humfikia mwandishi wa habari kwa njia hiyo bila kuhatarisha maisha yake. Mwaka 2019 shirika la utangazaji la BBC lilifungua anwani yake ndani ya Tor, ili watu wanaozuiliwa na serikali zao waweze kupata habari.

Lakini siri ya Herode nayo ipo, na inatisha. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2018, kijana mmoja nchini Korea Kusini aliendesha ndani ya Tor tovuti iliyoitwa Welcome to Video, ya picha za watoto wakidhulumiwa kingono. Wateja walilipa kwa sarafu ya Bitcoin, au walijipatia nafasi ya kutazama kwa kuleta video mpya. Tafakarini maana yake: mahali ambapo video mpya ni malipo, mtoto mwingine lazima aumizwe. Mwezi Oktoba 2019 ilitangazwa kwamba watu 337 wamekamatwa katika nchi mbalimbali, na watoto wasiopungua 23 wameokolewa. Wapelelezi waliwafikia kwa kufuata nyayo za malipo yao, kwa kuwa kila malipo ya Bitcoin huandikwa katika daftari lililo wazi kwa wote.

Anayetazama amefichwa jina, sura na nchi. Mtoto amefunuliwa mbele ya dunia nzima. Asiseme mtu, "Mimi nilitazama tu." Bila mtazamaji, soko hilo lisingekuwapo. Baba Mtakatifu Fransisko, akihutubia mwezi Oktoba 2017 washiriki wa kongamano la heshima ya mtoto katika ulimwengu wa kidijitali lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, Roma, aliutaja mtandao huo wa giza, akataka tusiufumbie macho.

Hata hivyo, nisingependa mtu aache uovu huo kwa kuogopa polisi tu. Mkristo anaishi mbele ya Baba aonaye sirini. Katika sura ya sita ya Mathayo, Bwana anatuagiza tufiche sadaka, sala na kufunga kwetu. Basi tunayo mambo mema ya kuficha, nayo yanatosha kuijaza maisha yote.

Wazazi wapendwa, msidhani hatari inakaa mbali, katika programu ngeni tu. Mtu mwovu aweza kumfikia mtoto kwa simu ya kawaida, naye mara nyingi huanza na maneno haya: "Usimwambie mama." Mfundisheni mtoto kwamba mtu mzima anayemtaka awafiche wazazi wake jambo, hiyo ni siri ya Herode. Naye akija kusema, msianze kwa fimbo, msikilizeni. Hapa Tanzania ipo namba 116 ya kuwasaidia watoto, inayopigwa bila malipo, na lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inaharamisha picha za namna hiyo.

Na wewe uliyenaswa tayari, uje. Wavu wa kiti cha maungamo upo kwa ajili yako. Ila ukijua kwamba kuna mtoto anayeumizwa hivi leo, toba yako isiishie hapo. Mtoto huyo anangoja mtu wa kumtoa.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Mkombozi, utuombee.

Wasalaam katika Kristo,
Padre wenu