Mpiga Picha na Bei ya Kazi Yake

Bei ya kupiga picha za sherehe yapasa kupangwa kwa kuhesabu siku zote ambazo kazi humchukulia mpiga picha, si saa anazoonekana ukumbini. Kanuni hiyo ni nyepesi kuitaja, lakini katika miji ya Tanzania wengi huipa kisogo. Mmoja husikia mwenzake amechukua laki nne kwa harusi, naye hutaja laki tatu na nusu. Mwingine hulitazama gari la mteja ndipo atamke bei. Wote wawili hawajui kama walichotaja ni faida au hasara, na kamera inapokufa hushangaa kwamba miaka yote hiyo ya kazi haikuacha fedha za kununua nyingine.

Mazoea haya yana chimbuko lake. Enzi za mkanda, filamu ya kawaida ilitoa picha 36, ikapelekwa kusafishwa, na kila picha ilijulikana imegharimu kiasi gani. Mpiga picha aliuza moja moja: aliyesimama na bibi harusi alilipia yake, asiyeitaka aliiacha. Zilipoingia kamera za dijitali, kubofya kukawa kama bure, na bei ikahama kutoka kwenye picha kwenda kwenye sherehe nzima. Hapo ndipo hesabu ilipopotea, kwa kuwa kazi iliyofanywa zamani na maabara ya kusafishia picha ilihamia nyumbani kwa mpiga picha, usiku, mbele ya kompyuta, wala hakuna aliyeitengea ujira.

Ichukuliwe harusi moja ya Jumamosi jijini Dar es Salaam. Kazi huanzia saluni saa sita mchana bibi harusi akipambwa, huenda kanisani, hupita ufukweni kwa picha za maharusi, kisha huendelea ukumbini hadi saa sita usiku: saa 12 kamili. Mpiga picha akirudi na picha 1,500, kuzihamisha, kuzitunzia nakala na kuzichambua humchukua saa 4. Akibakiza 400 na kuihariri kila moja kwa dakika mbili tu, hizo ni dakika 800, yaani zaidi ya saa 13. Vikao na kamati pamoja na kupeleka albamu havipungui saa 3. Jumla ni saa 32, sawa na siku nne za mfanyakazi wa saa nane.

Baada ya muda huja vyombo. Kamera, lenzi na flashi za shilingi 6,000,000 zikifanya kazi miaka mitatu kwa sherehe 40 kila mwaka, kila sherehe inakula shilingi 50,000 za vifaa hivyo. Kwa picha 1,500 kila safari, kamera itakuwa imebofya mara 180,000 katika muda huo, na kamera nyingi za daraja la kati hukadiriwa na watengenezaji kudumu mibofyo kati ya 100,000 na 200,000 tu. Msaidizi akilipwa 60,000, usafiri na chakula 40,000, albamu 120,000, umeme, intaneti na diski za kutunzia 30,000, na pango la ofisi la 150,000 kwa mwezi likigawanywa kwa sherehe zote, yaani 45,000 kila moja, gharama zinafika 345,000. Aliyetoza laki nne amebakiwa na 55,000 kwa siku nne, ambayo haifiki 14,000 kwa siku, na kodi bado. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mpiga picha anahitaji daftari hata kabla ya mali yenyewe kupatikana.

Sherehe hizo 40 nazo hazigawanyiki sawasawa katika mwaka. Ramadhani husimamisha harusi za Waislamu na Kwaresima hupunguza sana za Wakristo. Mwaka 2025 na 2026 vipindi hivyo viwili vilianza vikikaribiana kwa siku chache tu, hivyo miezi mikavu ikaja kwa mpigo mmoja. Kinyume chake, baada ya Idi na mwezi Desemba kumbi hugombaniwa. Bei ya Desemba haina budi kubeba pango la Machi, na mteja mwenye haraka ya Desemba asione ameonewa, kwa maana nafasi aliyoichukua ndiyo wengine wameikosa.

Jambo linalowaumiza wengi kuliko ukubwa wa bei ni wakati wa kulipwa. Harusi ya Kitanzania huendeshwa na kamati yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, na fedha zake ni michango inayoingia kidogo kidogo hadi siku ya mwisho. Ukumbi na chakula hulipwa kwanza, kwa kuwa bila hivyo hakuna sherehe. Mpiga picha huambiwa asubiri. Sherehe ikiisha, kamati hukutana kuvunjwa, mara nyingi kwa nyama choma, na kuanzia hapo hakuna tena wa kudaiwa. Maharusi husema walikuwa wageni katika harusi yao, mhazini husema daftari limefungwa. Ndiyo sababu yafaa nusu ilipwe siku ya kushika tarehe, na nusu ya pili kabla ya siku yenyewe. Kuishikilia albamu kama rehani ni dawa dhaifu, maana huzaa ugomvi na kuharibu jina.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Yataje saa ya kuanza na ya kumaliza, bei ya kila saa inayozidi, idadi ya picha zitakazohaririwa, siku ya kuzikabidhi, na kama picha za mnato zinakwenda pamoja na video au la. Yataje pia nani ataruhusiwa kuzitumia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitambua picha kuwa kazi zinazolindwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 humpa nguvu anayeonekana katika picha hizo. Hili hugusa bei moja kwa moja katika sherehe za wanawake pekee za Pwani na Zanzibar. Huko mpiga picha huwa mwanamke, simu za wageni pengine hukusanywa mlangoni, na picha hazitaonyeshwa popote. Anayepiga picha hizo hapati tangazo kutokana na kazi yake, hivyo ana haki ya kutoza zaidi, kwani anauza pia usiri.

Kwa mikutano ya ofisi hesabu hugeuka kidogo. Uhariri ni mchache, lakini malipo huweza kukawia miezi, risiti ya mashine ya kodi hudaiwa, na mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Asiyeyaingiza hayo mapema hujikuta amejikopesha hasara.

Hubaki ndugu na jamaa. Mpiga picha wa ukoo hupewa kadi ya mchango kama wengine, kisha huombwa pia kazi ya bure, jambo ambalo haombwi mwenye ukumbi. Njia iliyo safi ni kuiandikia kamati ankara ya bei kamili, tuseme 700,000, na chini yake kupunguza 200,000 kwa jina la mchango wake. Mhazini huliingiza jina la mpiga picha katika orodha ya waliochanga, na 500,000 iliyobaki hulipwa kama inavyolipwa keki na mapambo.