Nusu lita na kidogo



Masika yamekwisha, na kila mwenye uwanja wa kutunza anajua nyasi zimefika wapi. Katika makaburi ya msikiti wetu zilifika magotini, na mzee mmoja aliyekuja kuzuru kaburi la mkewe alizunguka saa nzima asilitambue. Kamati ikaona mafyekeo hayatoshi tena, tukanunua mashine ya kukatia nyasi, ile ya kusukuma kwa mikono yenye injini ndogo ya petroli, kwa michango ya Ijumaa nne. Mimi kwa ukatibu wangu nilikabidhiwa mashine, risiti na kitabu cha maelekezo. Risiti niliihifadhi vizuri. Kitabu sikukifungua.

Mashine mpya za namna hii kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa hazina oili ndani ya injini. Muuzaji alinikumbusha jambo hilo, nami nikamshukuru, nikanunua kopo la lita moja. Nilipofika nyumbani nilifungua kifuniko nikamimina kopo zima. Niliona kopo ni dogo na injini ni ya chuma, basi iweje isitosheke na lita moja? Tena nilijisifu moyoni kwamba sikubakisha hata tone.

Siku ya pili kijana wetu anayetunza makaburi aliivuta kamba mara nyingi mpaka ikawaka, na ilipowaka ukatoka moshi mweupe wenye rangi ya samawati, mwingi hata majirani wakadhani pana moto. Akaizima. Alipojaribu tena haikuwaka. Nilimwuliza kama alitia oili katika petroli, akaapa kwamba hakutia. Sikumsadiki. Katika kikao cha kamati kilichofuata ilikubaliwa akatwe shilingi 10,000 katika posho yake kila mwezi kwa miezi mitatu, kwa uzembe. Neno hilo, uzembe, niliandika mimi katika kumbukumbu za kikao, kwa kalamu yangu.

Mashine ikapelekwa kwa fundi mmoja mzee, anayetengeneza jenereta na pampu za maji. Hakugusa kamba. Alikisokota kifuniko chenye kijiti cha kupimia oili, akakitoa, na oili ikafurika ikatiririka ubavuni mwa injini.

“Ustadhi, nani aliyetia oili humu?”

“Ni mimi, mzee wangu.”

“Ulitia kiasi gani?”

Nilipomjibu alicheka mpaka akakaa. Kisha akanifundisha, na mengi aliyonifundisha niliyakuta baadaye katika kile kitabu.

Injini nyingi za mashine hizi ni za mipigo minne. Petroli ina tangi lake na oili ina chumba chake chini ya pistoni, na viwili hivyo havichanganywi. Kuna mashine nyingine za kufyekea, zile za kuvaa begani, ambazo nyingi ni za mipigo miwili. Hizo ndizo zinazochanganyiwa oili katika petroli, na hazina chumba cha oili wala kijiti. Watu wengi huzichanganya akilini mwao, kama nilivyofanya mimi nilipomtuhumu yule kijana.

Sasa hiyo oili iliyo chini ya pistoni ni ndogo sana. Katika injini za ukubwa huu mara nyingi huwa kama nusu lita au zaidi kidogo. Injini ya gari hubeba lita kadhaa na ina pampu ya kuisukuma. Hizi ndogo nyingi hazina pampu. Ndani yake mna kijiko kidogo, au gurudumu lenye mapezi, linalozunguka pamoja na injini karibu mara 3,000 kwa dakika na kuirusha oili huku na huku ili kila chuma kipate sehemu yake. Kwa hiyo kimo cha oili ndicho kila kitu. Ikipungua, kijiko hakiifikii vya kutosha, vyuma vinasagana, na konrodi inaweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga ikawa povu, na povu haliteleshi kama oili. Nyingine hupanda hadi ndani ya silinda, nyingine hupitia mrija wa kupumulia ikalowesha chujio la hewa, na plagi hushindwa kutoa cheche. Ule moshi ulikuwa oili yangu ikiungua.

Fundi aliifungua plagi kwanza, kisha akaivuta kamba taratibu, na oili ikaruka kutoka katika tundu la plagi. Alinieleza kwamba oili ikijaa juu ya pistoni na mtu akaivuta kamba kwa nguvu huku plagi imefungwa, anaweza kuvunja kitu, kwa sababu kimiminika hakishindiliki kama hewa. Yule kijana alivuta mara nyingi, na mashine ikasalimika kwa kudra ya Mwenyezi Mungu.

Kipimo chenyewe si kigumu, ila kina adabu zake. Mashine isimame mahali palipo sawa kabisa, kwa kuwa mteremko mdogo tu huihamisha oili upande mmoja, na kijiti kikasema uongo. Injini iwe imezimwa na imepoa, oili yote ishuke chini. Pangusa majani na vumbi pembeni mwa kifuniko kabla ya kukifungua, maana chembe ya mchanga ikiingia humo hubaki ikisaga. Toa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kitoe tena, ndipo usome. Usomaji wa kwanza kabla ya kufuta hauna maana, kwa sababu oili huwa imekwisha rukia kijiti chote wakati injini ikifanya kazi.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi hubishana, nalo ni kama kijiti kikazwe au kichomekwe tu wakati wa kupima. Jibu linategemea injini. Katika Honda GX160, ambayo wengi wenu mnayo majumbani katika jenereta na pampu, kijiti huchomekwa bila kukazwa. Katika injini nyingi za Briggs & Stratton, kitabu huagiza kikazwe kwanza ndipo kitolewe kisomwe. Ukifanya kinyume, utasoma kimo kisicho sahihi na utaongeza au kupunguza oili bila sababu. Kitabu cha injini yako ndicho hakimu.

Kuongeza ni kazi ya subira. Mimina kidogo kidogo, ngoja dakika moja au mbili oili itulie, pima tena. Alama ya juu usiivuke. Ikizidi, itoe, usiiache ukisema itaungua yenyewe. Mimi sasa hutumia chupa ya maji niliyoichora mistari kwa kalamu ya wino mzito, na kopo la lita moja linatosha kubadilisha oili mara moja na kubakiza ya kuongezea.

Kuhusu aina ya oili, katika joto letu SAE 30 inafaa sana. Ile ya 10W-30 hutumika pia, lakini Briggs & Stratton wanaonya kwamba joto likizidi nyuzi 27 injini huweza kuila zaidi, basi anayeitumia apime mara kwa mara. Tazama pia katika kopo herufi SJ au zinazofuata. Oili ya kwanza ya injini mpya kwa kawaida humwagwa mapema, vitabu vingi husema baada ya saa 5 za kazi, kwa sababu hubeba vumbi la chuma la vyuma vipya vinavyozoeana. Baada ya hapo ni kila saa 50 au hivi. Iliyomwagwa isitupwe mtaroni wala shinani mwa mti. Fundi wetu huipokea.

Jambo la mwisho alilonieleza ni la kuilaza mashine. Kijana hulazimika kuiinamisha ili kukwangua nyasi zilizoganda chini. Plagi itolewe waya kwanza, kisha mashine ilazwe huku upande wa chujio la hewa ukiwa juu. Ikilazwa kinyume, oili huingia katika kabureta na chujio, na moshi hurudi hata kama kipimo kilikuwa sawa.

Mashine ilirudi ikiwa na chujio jipya na plagi iliyosafishwa. Gharama nililipa mimi. Katika kikao kilichofuata, kumbukumbu zilipokuwa zikithibitishwa, niliomba ruhusa ya mwenyekiti kusahihisha kipengele kimoja. Wazee walinyamaza nilipokuwa nikieleza. Shilingi 10,000 za mwezi wa kwanza, ambazo zilikuwa zimekwisha katwa, zilirudishwa, na neno uzembe likabaki katika kitabu ila mbele ya jina la cheo changu. Nilimwendea kijana nikamwomba radhi. Aliniambia, “Yamekwisha, ustadhi,” kisha akauliza kama anaweza kukisoma kile kitabu.

Sasa yeye ndiye apimaye kila asubuhi kabla ya kazi. Juzi nilipita makaburini nikakuta mashine imesimama karibu na lango, nami kwa kutaka kuonesha elimu yangu mpya nikakishika kifuniko.

“Subiri, ustadhi,” akasema. “Hapo pana mteremko.” Akaisukuma hadi kwenye sakafu ya saruji, akaniachia nipime.