Safu ya Maarifa: Jicho la Panya



Ndugu wasomaji, mgomo wa wazoa taka wa Birmingham ulipopamba moto mwezi wa Machi 2025, na mifuko ikalundikana mitaani, panya aligeuka kuwa mazungumzo ya kila nyumba. Wengi hudhani kwamba kiumbe huyu huongozwa na pua na masharubu tu. Tena wako wanaoacha taa ya jikoni ikiwaka usiku kucha wakitaraji kumfukuza. Na tuyapime haya kwa elimu.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha uchunguzi wao juu ya panya wadogo wa maabara, ambao asili yao ni panya wa nyumbani. Waliwapa nyenje hai. Penye mwanga, panya aliyekwisha kuzoea alimwelekea nyenje moja kwa moja tangu mbali, akamdaka upesi. Hata alipozibwa masikio hakumkosa. Gizani alitangatanga, asimtambue mpaka wakaribiane sana. Na alipozibwa masikio humo gizani, mawindo yakamwia magumu zaidi. Basi katika kuwinda, jicho ndilo kiongozi wake.

La ajabu ni kwamba jicho lenyewe ni hafifu, na rangi nyekundu haliioni vyema. Lakini macho yake, kwa kukaa pembeni mwa kichwa, hutazama takriban pande zote, hata juu. Kidogo kitambaacho mbele yake huwa ni chakula. Kivuli kikuacho juu yake huwa ni mwewe. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa panya akiona duara jeusi likipanuka juu yake, hukimbilia maficho au huganda palepale.

Kwa hiyo taa si kinga: mwanga humsaidia kuwaona wadudu. Mtume wetu (S.A.W.) alituusia kufunika vyombo na kuzima taa tulalapo, akatahadharisha kwamba panya huweza kuukokota utambi akawaunguzia watu nyumba yao. Wasia huo ungali na manufaa. Tufunike chakula cha watoto, kwani mkojo wa panya huleta maradhi. Tufagie makombo yanayowaita wadudu. Tuzibe matundu ya nyuma ya jiko na penye mabomba, kwani tundu la unene wa kalamu humtosha panya mdogo. Mtego nao utegwe kando ya ukuta, ndiyo njia yake.

Wabillahi tawfiq.