Mshahara Usiishie Chunguni



Sisi wa Nambale twakaa karibu na mpaka. Busaa yapikwa hapa hapa, chang'aa yauzwa vichochoroni, na waragi yavuka kutoka Uganda. Hatuandiki ili kuwahubiria. Wazee wetu walikunywa busaa kwa mirija, wameuzunguka mtungi mmoja, nayo ilikuwa na siku zake. Leo mtu anaanza kunywa kabla ya kwenda kazini.

Jambo hili ni la chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kuwa mfanya kazi akilewa saa za kazi hata asiweze kazi yake, mwajiri aweza kumfukuza mara moja. Mlevi amempa bwana kalamu ya kumfutia jina. Lakini sheria hiyo hiyo yamkataza mwajiri kulipa mshahara mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kwa walioajiriwa hapo. Tena, kabla ya kufukuzwa, mfanya kazi ana haki ya kusikilizwa akiwa pamoja na mwenzake au mjumbe wa chama. Je, ni wangapi wetu wanaoyajua haya?

Kuna na kifo. Mwaka 2000, mjini Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 waragi yenye sumu iliua makumi ya watu huko Kabale, Uganda. Sumu hiyo ni methanoli. Mtu hulala akidhani amelewa tu. Kesho yake aona ukungu machoni. Huyo asilazwe nyumbani kwa maziwa. Apelekwe hospitali upesi, kwani matibabu yapo, ila hufaa yakiwahi.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, fedha za wakata miwa na wachukuzi zisigawanywe kilabuni. Pili, mwanachama aliyeshindwa na pombe ahesabiwe mgonjwa. Wajumbe wamwendee nyumbani kabla mwajiri hajamwandikia barua. Tatu, siku ya mshahara unga na karo vitangulie.

Tulipigania kila shilingi ya mshahara huu. Watoto wetu hawana chama cha kuwatetea jioni ya siku hiyo. Chama chao ni sisi.

Umoja ni nguvu.