Binti Asiyerefuka: Tumpime Kabla ya Kumhukumu

Katika jamii zetu, mtoto wa kike asiyerefuka hupewa majina mengi kabla ya kupewa uchunguzi. Wapo wasemao kuwa amerogwa, wapo wanaomlaumu mama yake kwa kuvunja miiko ya ujauzito, na wapo wanaomcheka tu. Sisi tunaosomesha watoto hapa Igamba tunasema bayana: baadhi ya mabinti hawa wana maradhi yanayofahamika, na haki yao kwetu ni elimu, si minong'ono.

Matabibu huiita hali hiyo Turner, kwa jina la Henry Turner, tabibu wa Marekani aliyeieleza mwaka 1938. Sababu yake ilibainika mwaka 1959. Kwa kawaida mwanamke ana kromosomu mbili za X katika chembe za mwili wake. Binti huyu ana moja tu, au ya pili ina upungufu. Hutokea kwa takriban msichana 1 katika kila 2,500 wanaozaliwa hai. Mkoa wetu wa Songwe, ambao sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia watu zaidi ya 1,300,000, unaweza basi kuwa na wanawake na wasichana zaidi ya mia mbili wa namna hii. Wako wapi? Aghalabu wako miongoni mwetu, bila ya wao wenyewe kujijua.

Ama lawama kwa mama, haina msingi. Kasoro hii hutokea kwa nasibu wakati mimba inatungwa au mara baada yake. Tena mara nyingi kromosomu inayokosekana ni ile ambayo ingetoka kwa baba. Basi mume anayemwacha mkewe kwa sababu ya mtoto huyu amedhulumu mara mbili.

Wazazi waliokwisha kusikia habari za sindano ya homoni ya ukuaji huuliza: je, ni halali? Zamani homoni hiyo ilichukuliwa katika tezi iliyo chini ya ubongo wa maiti, na baadhi ya waliodungwa walipata maradhi mabaya ya ubongo. Tangu mwaka 1985 ipo inayotengenezwa maabara kwa kutumia vijidudu vilivyopandikizwa chembe ya urithi ya binadamu. Haitolewi katika nguruwe wala maiti. Wengine wanahofu kuwa ni kubadili maumbile aliyoyaumba Allah. Sisi tunaona kuwa kilichokatazwa ni kuyachezea maumbile kwa ajili ya mapambo. Kuondoa upungufu wa maradhi ni tiba, kama miwani kwa asiyeona vizuri.

Lakini uhalali ni jambo moja, na kipi kitangulie ni jambo jingine. Mwanamke mwenye hali hii asipotibiwa huwa mfupi kwa kiasi cha sentimita 20 kuliko wenzake. Utafiti wa Canada uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kuwa sindano iliwaongezea wasichana takriban sentimita 7. Faida hiyo hupatikana kwa kudungwa kila siku, kwa miaka mingi, kwa dawa ya kuhifadhiwa katika jokofu, na kwa gharama asiyoimudu mkulima wa kahawa wa Mbozi. Mwenye uwezo na ampeleke bintiye mapema, kwani mifupa ikishakomaa sindano haimrefushi. Asiye na uwezo asiuze shamba kwa ajili ya kimo, akaacha moyo bila kupimwa.

Hapo ndipo penye hatari. Wengi wa mabinti hawa huzaliwa na kasoro za moyo au za mshipa mkuu utokao moyoni, nao mshipa huo unaweza kupasuka ukubwani. Figo, tezi ya shingo na masikio pia huhitaji kuangaliwa. Mwanafunzi anayeitwa mzito wa kusikia huenda ana usaha masikioni tangu utotoni. Na afikapo miaka 11 au 12 bila dalili za kuvunja ungo, huhitaji homoni ya kike, ambayo ni rahisi mno kwa bei kuliko sindano ya ukuaji, na huimarisha mifupa yake.

Tufanye nini? Walimu tuwapime watoto kimo kila mwaka kwa futi kamba, tuandike. Binti anayeachwa nyuma na wenzake, hasa mwenye shingo pana au aliyezaliwa na miguu iliyovimba, apelekwe Vwawa, aombewe rufaa ya Mbeya, na ikibidi Muhimbili. Sanduku la msikiti lisaidie nauli. Hiyo nayo ni sadaka.

La mwisho ni la ndoa. Wengi wao hawashiki mimba kwa njia ya kawaida. Binti aambiwe ukweli na wazazi wake kwa upole, na mchumba aelezwe kabla ya akdi. Kunyamaza ndiko kunakozaa talaka, na binti akabaki kuitwa tasa kwa jambo ambalo hakuna aliyemweleza. Akili yake ni timamu, anahifadhi, anasoma, anafanya kazi. Kimo chake kisiwe kipimo cha heshima tunayompa.

Wallahu aalam.