KUFICHA SILAHA SI KUIHIFADHI



Wapendwa wasomaji, katika ukurasa huu wa afya mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya silaha zinazokaa majumbani. Huenda mtu akauliza: bunduki na afya vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Jeraha la risasi huishia wodini. Linavunja mfupa, linapasua utumbo, linammaliza mtu damu kabla gari halijapatikana. Kutoka Kwamsisi hadi hospitali ya Handeni, au kutoka Mashewa hadi Magunga, Korogwe, ni mwendo mrefu kwa mtu anayevuja damu. Kama tunavyofundishwa kuchemsha maji kabla ya kuhara kuingia nyumbani, basi na silaha tuifungie kabla haijaua.

Silaha si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 bunduki zilipanda huku pamoja na misafara ya biashara kutoka Pangani na Saadani. Wazigua walizipata mapema, na Semboja aliyekaa Mazinde, kwenye njia ya misafara, alipata nguvu kwa sababu ya bunduki hizo. Leo zipo za aina mbili. Zipo bunduki na bastola zenye leseni, na yapo magobore yaliyotengenezwa na mafundi wa vijijini, mengine yakiwa yameachwa na babu. Mkulima hulichukua gobore kwenda dunguni kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani.

Gobore lina hatari yake ya pekee. Likishashindiliwa baruti na goroli, haitoki kirahisi ila kwa kulipuliwa. Kwa hiyo mwenyewe akirudi shambani bila kupiga, hulirudisha nyumbani likiwa limejaa, akaliegemeza nyuma ya mlango au akalichomeka juu ya paa. Baruti nayo huwekwa kwenye chupa, pengine si mbali na jiko. Na kwa kuwa ni chuma cha kuungaunga, linaweza kupasukia mkononi mwa mpigaji, likamtoa jicho au vidole.

Sheria inasemaje? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inakataza mtu kumiliki silaha bila leseni, na inakataza kutengeneza silaha bila kibali. Aidha, katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ilitia saini, nchi zetu zilikubaliana kuweka katika sheria zao masharti ya uhifadhi salama wa silaha za raia. Masharti ya namna hiyo yana faida. Huko Marekani, jimbo la Florida lilianza mwaka 1989 kumwajibisha mtu mzima anayeacha bunduki mahali ambapo mtoto anaifikia, na majimbo mengine yakafuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 juu ya majimbo 12 yenye sheria hiyo ulionyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka 15 kwa risasi za bahati mbaya vilipungua kwa asilimia 23.

Hata hivyo, hapa ndipo penye fundo. Sheria ya kufungia silaha humfikia yule aliyejiandikisha. Mwenye gobore la siri haifiki kwake. Hawezi kununua kasha la chuma, maana watu watauliza la nini. Hawezi kuomba ushauri polisi. Anachoweza ni kuficha tu: chini ya kitanda, darini, ndani ya gunia la mahindi. Nasi wazazi tunajua nani hujua maficho yote ya nyumba. Mtoto anayejua sukari ilipowekwa anajua na gobore lilipo. Silaha iliyofichwa polisi haikufichwa watoto. Haikufichwa kijana aliyerudi kilabuni amelewa, wala ndugu aliyelemewa na huzuni hata akawaza kujitoa uhai.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Mlango wa kusalimisha silaha usifunguliwe kwa msimu tu. Septemba na Oktoba mwaka 2023 serikali iliwapa watu nafasi ya kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa. Hilo ni jambo jema. Lakini hofu ya mwanakijiji haifuati kalenda. Afadhali nafasi hiyo iwe ya mwaka mzima, na itangazwe mpaka vitongojini. Pili, mwenye leseni anapokwenda kuilipia, aulizwe pia silaha inakaa wapi, na nyumba ikaguliwe. Tatu, tusimlaumu mkulima bure. Mtu aliyeliwa shamba zima usiku mmoja hawezi kuambiwa tu "toa gobore". Askari wa wanyamapori wafike wanapoitwa, nasi tushirikiane kulinda mashamba kwa zamu.

Kwa sasa, kila familia ishike haya:

1. Silaha yenye leseni itolewe risasi, ifungiwe kwenye kasha imara lenye kufuli. Risasi zifungiwe mahali pengine. Ufunguo akae nao mwenye leseni.

2. Pombe na silaha visikutane. Nyumba ikiwa na ugomvi, au mtu mwenye mawazo ya kujidhuru, mwenye silaha awaombe polisi waitunze.

3. Mwenye silaha isiyo halali asiibebe barabarani kwa siri. Amtume kwanza mzee anayeaminika kwa polisi kata au mtendaji, aulize utaratibu wa kuisalimisha.

4. Watoto wafundishwe: ukiona bunduki usiiguse, ondoka, mwite mtu mzima.

5. Mtu akijeruhiwa, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Msichokonoe kutoa goroli, msipake majani wala majivu. Mmoja aende polisi kwa ajili ya fomu ya PF3 huku wengine wakimkimbiza mgonjwa hospitali.

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, tunasoma habari za ng'ombe mwenye tabia ya kupiga pembe. Mwenyewe akiwa ameonywa asimfunge, naye akaua mtu, hatia ni ya mwenyewe. Wafugaji wetu wanaielewa sheria hiyo bila mwalimu. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, inatufundisha kuwa kumweka mtu katika hatari ya kufa bila sababu nzito ni kosa dhidi ya amri ya tano. Basi amri ya "Usiue" haimhusu anayefyatua peke yake. Inamhusu pia baba aliyeacha gobore limejaa nyuma ya mlango, na sisi majirani tuliojua tukanyamaza.

Baba na mama, zungumzeni leo jioni baada ya sala. Kama kuna silaha nyumbani, ifungieni kisheria au itoeni. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa jeraha la risasi mara nyingi tiba huchelewa.