Betri isifichwe sandukuni

Juma hili nina barua ya mama mmoja wa upande wa Ikungi. Kijana wake yuko masomoni Ulaya, naye atarudi likizo mwezi wa Julai. Wazazi wa kijiji wameuza alizeti, wakachanga fedha, wakampelekea anunue vipande vya kufufulia kompyuta za shule zilizolala kabatini: diski, vibao vya kumbukumbu ambavyo mafundi huviita ramu, betri mbili za kompyuta za kukunja, na pawabenki moja. Mama huyu ndiye aliyesimama mkutanoni akasema kwamba mwanawe ataleta. Sasa hapati usingizi. Ameambiwa kwamba uwanja wa ndege una mashine ya kupiga picha mizigo, na kwamba miale yake hufuta diski na kuua kila kitu. Tena ameambiwa kwamba wakaguzi hunyang'anya betri. Basi ataka kumwagiza kijana azitie betri ndani ya soksi, azizamishe katikati ya nguo katika sanduku kubwa, lile linalokwenda tumboni mwa ndege.

Mama yangu, hilo la soksi usimwagize, hata kidogo.

Kwanza nikuondolee hofu ya miale. Hofu hiyo ina asili yake, maana zamani watu waliopiga picha kwa filamu waliona kweli filamu zao zikiharibika kwa kupitishwa katika mashine zile. Filamu huungua kwa mwanga na kwa miale. Lakini diski haiandikwi kwa mwanga, na kibao cha kumbukumbu hakina filamu ndani. Kiasi cha miale kinachotumika kukagulia mizigo hakifuti diski wala hakiui ramu. Lango lile ambalo msafiri hupita kwa miguu nalo lina nguvu ndogo ya sumaku, haifiki kudhuru. Diski ipite mara moja, ipite mara tatu, itafika na yote yaliyomo.

Betri ni habari nyingine. Betri za siku hizi zimetengenezwa kwa lithiamu. Zikigongwa, zikitobolewa, au ncha zake mbili zikiguswa na funguo au sarafu hata kukawa na shoti, huchemka zenyewe, na joto la chumba kimoja cha betri huwasha cha jirani. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS iliondoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani, nayo ilibeba betri nyingi za namna hii. Moto ukazuka katika mizigo. Moshi ukajaa chumba cha marubani hata wasiweze kuona vyombo vyao. Walijaribu kurudi, ndege ikaanguka, na wote wawili wakafa. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limekataza shehena za betri za lithiamu zilizofungashwa peke yake zisipakiwe katika ndege za abiria.

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Kama betri ni hatari, mbona wakaguzi wanataka msafiri akae nayo karibu? Ni kwa sababu chumbani mwa abiria kuna macho. Ikianza kutoa moshi, mtu ataiona na wahudumu wataimwagia maji ipoe. Tumboni mwa ndege kuna gesi ya kuzimia moto, lakini gesi huua mwali tu, nayo betri huendelea kujichemsha. Tarehe 28 Januari 2025, huko Korea ya Kusini, moto ulitokea katika kabati la juu ya viti ndani ya ndege ya Air Busan iliyokuwa bado chini katika uwanja wa Gimhae. Watu wote 176 wakatoka. Wachunguzi walisema huenda ilikuwa pawabenki. Kwa hiyo betri za kijana zisiwekwe hata katika kabati hilo la juu. Zikae miguuni pake au mfukoni mwa kiti, mahali anapoziona.

Hata wakubwa wamewahi kujikwaa katika jambo hili. Mwezi wa Machi 2017 Marekani ilikataza abiria wa kutoka viwanja kumi, Dubai na Doha vikiwamo, kukaa na kompyuta chumbani, wakaambiwa waziweke katika sanduku la chini. Waafrika ya Mashariki wengi hubadili ndege katika viwanja hivyo viwili. Walihofia mabomu, lakini wenye kujua moto wakauliza juu ya betri zote hizo zilizorundikwa gizani. Kufika Julai mwaka ule marufuku ilikuwa imeondolewa.

Na kunyang'anywa? Betri ya akiba ikikutwa katika sanduku la chini huondolewa, naam, na hapo soksi ndiyo itakayompokonya. Lakini ikiwa mkononi, kwa kawaida betri isiyozidi Wh 100 hupita. Kati ya 100 na 160 yataka ruhusa ya kampuni ya ndege, wala zisizidi mbili. Kupita 160 haipandi. Betri za kompyuta za kukunja kwa kawaida hazifiki 100. Pawabenki mara nyingi huandikwa mAh. Basi azidishe kwa volti 3.7, agawanye kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni Wh 74. Ikiwa maandishi yamefutika, aiache, kwa kuwa mkaguzi hatakubali kubahatisha. Kila betri iwe na mfuko wake, na ncha zake zifunikwe kwa utepe. Aulize pia kampuni yake: Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, huruhusu pawabenki moja tu, tena isitumiwe ndani ya ndege.

Sasa adui wa kweli wa ramu, naye mwamjua. Mwezi wa Julai, upepo wetu wa Singida ukiwa mkavu, ukivua sweta usiku gizani waona cheche na wasikia mlio. Cheche hiyo kwako ni mchezo, lakini kwa ramu ni risasi. Kwa hiyo vipande vikae katika mifuko yake ya dukani ya rangi ya fedha, visifungwe katika nailoni wala blanketi la sufi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya 1 Juni 2019 ni ya mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani havikuguswa.

Diski na ramu avibebe mkononi pamoja na betri, juu kabisa ya begi, visipandane. Katika picha ya mashine, nyaya na vibao vilivyorundikana humtisha mkaguzi. Avitoe, aviweke katika sinia, akiulizwa ajibu kwa maneno machache, na utani wa bomu asiuguse. Bisibisi ziende sanduku la chini. Kopo la hewa ya kupulizia vumbi alisahau kabisa, gesi yake mara nyingi huwaka. Stakabadhi za duka azitunze kwa ajili ya watu wa forodha Dar es Salaam.

Treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, itamleta vizuri. Toka hapo, katika basi na kwenye pikipiki, vipande vikae mapajani, maana diski iliyoangushwa haina fundi kijijini. Siku ya kuvifunga, kijana avulie sweta nje, kisha ashike kwanza chuma cha kompyuta yenyewe ndipo afungue ile mifuko ya rangi ya fedha.